Soketi ya Nje

Injinia Kipngeno alipofika karakana ya Kanamkemer, mjini Lodwar, siku ya kwanza hakumsalimu mtu. Alishuka kwenye pikapu, akalitazama gari, akamtazama Ejore kuanzia kandambili mpaka kofia, kisha akauliza fundi yuko wapi.

"Fundi ni mimi," Ejore akasema.

"Namaanisha fundi wa stima."

"Ni huyo huyo."

Kipngeno akatoa kicheko kifupi cha puani, akapanda ndani. Uhasama ukaanzia hapo, kabla hata waya mmoja haujavutwa, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuwahi kuulizana habari za asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa dubwana. Zamani lilikuwa basi la abiria wa Kitale, hata shirika moja la kutibu macho likalinunua, likang'oa viti vyote na kuligeuza nyumba. Mbele kulikuwa na vitanda vinne vya wafanyakazi, katikati jiko na choo, nyuma chumba cha upasuaji chenye meza moja na madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi. Lingezunguka Turkana kuwatoa watu mtoto wa jicho, likilala popote litakapofika, bila kutegemea nguzo ya stima ya mtu. Nguvu zake zote zingetoka juu ya paa: paneli za sola, betri chini ya vitanda, na inveta ya kugeuza stima ya betri iwe kama ile ya nyumbani. Kupanga ilikuwa kazi ya Kipngeno. Kufunga ilikuwa kazi ya Ejore.

Na Ejore alilitaka gari hilo lifanye kazi kuliko mtu yeyote pale, wala hakuificha sababu. Mama yake, Nakaale, alikaa Kakuma ng'ambo ya mto Tarach, na macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na weupe. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa anashikwa mkono hata kwenda haja. Mwanamke aliyewajua mbuzi wake kwa sura, mmoja mmoja, alikuwa akiibiwa maziwa na wajukuu wake mwenyewe mbele ya pua yake, na anajua anaibiwa, na kutwa nzima anatukana. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya Kakuma. Daktari wa upasuaji alikuwa amepewa wiki tatu tu Turkana, halafu aende zake. Gari likifanya kazi, mama ataona. Lisipofanya, atazikwa na giza lake.

Siku ya pili Kipngeno alitandaza mchoro juu ya boneti ya pikapu, mafundi wote wa karakana wakasogea.

"Kiyoyozi cha chumba cha upasuaji, kilowati moja na nusu," akasoma. "Hadubini ya daktari, taa, friji ya dawa, pampu ya maji, vyote pamoja nusu. Jumla mbili. Inveta ya kilowati tatu inatosha na inabaki. Chungu cha kuchemshia vyombo kitawashwa alfajiri peke yake, kabla ya kiyoyozi. Paneli kumi juu. Swali?"

Ejore alikuwa amefuata kila namba na hakuona kosa. Akaweka kidole ubavuni mwa gari, penye alama ndogo ya duara. "Na hii ya nje?"

"Soketi ya nje. Ya mashine ya kufagia na vitu vidogo vidogo."

"Hii itakuwa ya simu."

"Simu gani?"

"Simu ya watu. Injinia, hii gari ikisimama mahali hakuna stima, watu watakuja na simu. Hawatakuja kumi. Watakuja na simu, watakuja na redio, watakuja na mashine ya kunyoa. Na wewe hutawanyima."

"Kwa nini nisiwanyime?"

Mtu anayeuliza swali kama hilo utamjibu nini? Ejore alimkazia macho. Kwao chaji ni kama kaa la moto. Jirani akija kwako na kigae anaomba kaa, unampa, humwulizi anakwenda kupika nini. Ukimnyima, jioni kijiji kizima kimejua, na kesho wewe ndiye utakayepita huku na huko na kigae chako watu wakikutazama. Hayo yote Ejore angeweza kuyasema. Lakini Kipngeno alikuwa tayari anaangalia saa.

"Tufunge mbili," Ejore akasema badala yake, akachora kwa penseli pembeni mwa karatasi. "Moja ya upasuaji, inafungwa na kufuli, haiguswi. Nyingine ndogo, paneli moja na betri moja, iko nje, ya wageni. Kama hutaki, basi wacha niweke kikata-umeme kidogo kwa hii soketi. Wakizidisha mzigo inajizima hiyo peke yake, ninyi ndani hamjui hata."

"Hii ni hospitali," Kipngeno akasema. "Si kibanda cha kuchaji simu."

"Sijasema ni kibanda."

"Cheti chako cha stima kinatoka chuo gani?"

Ejore alikuwa na karatasi moja ya chuo cha ufundi, gredi ya tatu, na mkono uliojifunza mengine yote peke yake. "Nimefunga pampu za sola za visima thelathini na nne," akasema, "kutoka Lorugum mpaka Kainuk. Zote zinavuta maji."

"Sikukuuliza habari za visima."

Kipngeno akachukua kalamu nyekundu, akaupiga mchoro wa penseli mstari mmoja mrefu, taratibu, kila mtu aone. Kisha akaandika chini: mfungaji atafuata mchoro bila kuongeza wala kupunguza. Akamsukumia Ejore karatasi atie sahihi. "Hata skrubu. Nikikuta skrubu ambayo si yangu, unatoka hapa siku hiyo hiyo."

Ejore alitia sahihi. Kwa hasira kalamu ikatoboa karatasi, na Kipngeno akaona, na hilo likamuuma Ejore kuliko maneno.

Wiki mbili walifanya kazi bega kwa bega kama watu walioshtakiana. Kipngeno alipima kila waya alioukata Ejore, akatafuta kasoro, asiione, akauliza kwa nini umekatwa mrefu hivyo. Ejore akajibu kwamba joto la hapa hutaka waya mnene na nafasi ya kupumua. Kipngeno akamwambia joto haliko kwenye mchoro. Chakula cha mchana kila mmoja alikula upande wake wa gari.

Siku ya kufunga soketi ya nje Ejore alikuwa peke yake. Kile kikata-umeme alikuwa nacho mfukoni, kidude kidogo tu cha ukubwa wa kiberiti. Kukiweka kungemchukua dakika kumi, nyuma ya ubao ambako Kipngeno mwenyewe asingechungulia mpaka anastaafu. Alikitoa mfukoni, akakishika. Kisha akakirudisha.

Tuseme ukweli hapa, maana baadaye mwenyewe alijaribu kuupinda. Hakusahau. Hakuzuiwa na sahihi. Alitaka Kipngeno aaibike. Uzinduzi ungefanyika Lodwar, mbele ya wakubwa, maturubai na viti vya plastiki, na siku hiyo hakuna mgonjwa ambaye angelala mezani. Watu wangekuja na simu zao, inveta ingezidiwa, gari lingezima katikati ya hotuba, na injinia angesimama pale jasho likimtoka mpaka soksi. Ndipo wangemwita yule fundi wa kandambili. Naye angekuja polepole, angefunga kidude chake, na gari lingekwenda Kakuma likiwa salama. Aibu tu, hakuna atakayeumia. Alilala vizuri usiku ule.

Ila Lodwar ina stima. Mjinga gani wa Lodwar atabeba simu aende kuichaji kwenye gari, na nyumbani ana soketi ukutani? Siku ya uzinduzi walikuja watu wengi, wakaketi, wakanywa soda, na ile soketi ya nje ikachomekwa spika moja ya muziki basi. Inveta haikustuka hata kidogo. Yeye aliyemcheka injinia kwa kutowahesabu watu, watu wenyewe hakuwajua wako wapi. Mtu mmoja mkubwa akapeana mkono na Kipngeno, na Kipngeno akapewa kipaza sauti.

"Walikuwepo waliotaka nifanye gari hili kibanda cha kuchaji," akasema, na watu wakacheka. Waliojua walimgeukia Ejore. Akabaki amesimama na bisibisi mkononi, uso umemwiva.

Kesho yake wakashika njia ya Kakuma. Kidude kilikuwa kwenye mkoba wake, miguuni. Ejore alijua vizuri kwamba kule wanakokwenda hali si ya Lodwar. Lakini kukiweka sasa kulitaka inveta izimwe, na kuizima kulitaka aende kwa Kipngeno, amwambie: kuna kitu niliona, nikanyamaza. Mara mbili njiani alifungua mdomo. Mara ya kwanza Kipngeno alikuwa akizungumza na dereva. Mara ya pili Kipngeno aligeuka akamuuliza, "Nini tena?" na kwa namna alivyouliza, Ejore akasema hakuna kitu.

Waliegesha mahali peupe karibu na miti ya mathenge, paneli zipate jua. Asubuhi, Ejore alipoteremka, alikuta watu wamejaa, na ubavuni mwa gari zimetambaa waya mbili za kuongezea soketi, zimejaa simu kama kupe. Katikati yao, juu ya ngozi, alikuwa ameketi Nakaale na shanga zake zote shingoni, simu nyingine zimepakatwa mapajani, akitoa amri.

"Ejok, mama," Ejore akamsalimu.

"Umechelewa," mama yake akasema. "Wenzako wanafika na pikipiki, wewe una jumba zima la magurudumu na unafika baada ya kila mtu."

"Nani amewaita hawa watu?"

"Mimi. Wiki ya pili hii nawaambia. Gari ni la mwanangu, mwanangu ndiye aliyelitia stima, leteni simu. Au ulitaka ninyamaze kama mama wa mwizi?"

"Mama, hii stima ni ya daktari."

"Nimekunyonyesha miaka miwili na huwezi kuwapa watu wangu chaji?" Aliinua uso, macho yale meupe yakielekea mahali Ejore hayupo. "Sema kwa sauti, wasikie. Waambie mwana wa Nakaale ni mnyimivu."

Watu walikuwa wakisikiliza. Ejore akainama, akazihesabu simu. Arobaini na tatu. Kila moja wati kumi hivi, jumla mia nne na thelathini. Ndani kilowati mbili. Hata ukijumlisha, tatu haijafika. Akaihesabu tena, ikatoka vile vile, akajiambia inatosha. Akaziacha.

Wagonjwa watatu wa kwanza waliingia na kutoka, jicho moja moja limefungwa bandeji. Kisha nesi Helen akatokea mlangoni. "Nakaale."

Ejore akamshika mama yake mkono, akampandisha ngazi. Daktari Mathilde, Mkongo mwembamba mwenye Kiswahili cha kwao na haraka ya kudumu, alimtazama mara moja tu. "Wewe njo mutoto wake? Ubakie inje. Nikitumika sipendi watu wanapumua nyuma yangu."

Akabaki kwenye kijia cha katikati, karibu na jiko, pale ilipofungwa inveta. Kupitia pazia alisikia mama akilalamika kwamba sindano ni kali, kisha akisema haisikii tena. Kioo cha inveta kiliandika elfu mbili mia nne. Ejore alikitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akaegemea ukuta akatabasamu.

Huko nje alikuwepo Abuk, muuza chai kutoka kambi ya wakimbizi, aliyewafuata wagonjwa na vikombe vyake. Alikuwa na birika la stima alilokuwa akilitumia kambini kwenye jenereta la jirani. Kabla Nakaale hajaitwa, Abuk alimwinamia akamuuliza kama na yeye anaweza kuchomeka kidogo, kwa ajili ya maji. Nakaale akampapasa mkono. "Chomeka, binti yangu. Ni ya mwanangu." Hayo Ejore aliyajua baadaye. Birika peke yake lilikula kilowati mbili.

Inveta ilipiga kelele moja kali, ikafa.

Kiyoyozi kikakatika. Nyuma ya pazia, madirisha yale meusi yakawa giza tupu, na sauti ya daktari ikasema, "Taa." Kisha tena, bila kupandishwa, "Taa. Mama, usitikisike. Usitikisike." Hadubini haikuwa na betri yake, kwa sababu mchoro ulisema gari lenyewe ndilo betri. Kipngeno aliingia mbio, akabonyeza swichi. Ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Ikawaka, ikazima, kisha ikajifunga yenyewe, taa nyekundu ikabaki imeganda.

Ejore aliruka ngazi. Akashika waya zote mbili akazivuta kwa nguvu zake zote, simu zikatawanyika mchangani, birika likaanguka, Abuk akaruka nyuma. Akarudi ndani, akaikata inveta kwenye betri, akaiunganisha upya, akasubiri. Dakika nne zilipita. Nne ni kidogo ukinywa chai.

Stima iliporudi, nyuma ya pazia vilisikika vyombo tu kwa muda mrefu. Hatimaye Daktari Mathilde akatoka, akivua glovu.

"Nilikuwa na chuma ndani ya jicho," akasema. "Akashituka, akageuza kichwa. Ile jicho imeisha. Haitaona tena."

Hakumwangalia hata mmoja wao. Akapita, akaenda kuketi kwenye kitanda chake.

"Sahihi ni yako," Kipngeno akamwambia Ejore. Alikuwa amekwisha kuitoa karatasi.

"Mchoro ni wako."

"Umeruhusu takataka zote hizo zichomekwe—"

"Nilikuambia! Mbele ya watu nilikuambia, ukapiga mstari!"

"Basi kwa nini hukuweka?" Kipngeno akasema. Alikuwa anatweta. "Kile kidude chako. Nyuma ya ubao mimi ningekiona wapi? Ulikuwa nacho?"

Ejore akautazama mkoba wake.

"Ulikuwa nacho," Kipngeno akasema. Akaikunja karatasi, na safari hii hakuonekana kufurahi kwamba ameshinda.

Pazia lilikuwa wazi. Nakaale alikuwa amesimama pale, Helen amemshika kiwiko, bandeji imefunika nusu ya uso. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha.

"Ejore," akasema kwa Kiturkana. "Huyu anasema ulijua."

"Mama, yeye ndiye aliyekataa—"

"Nimeuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Leo?"

"Tangu Lodwar."

Nakaale akaigusa bandeji kwa ncha za vidole, pole pole, kama anapima ukubwa wake. Helen akamwambia kwa upole kwamba daktari anaweza kulitazama jicho la pili kesho, kukitulia. "Hilo waniachie lilivyo," Nakaale akasema. "Hakuna mtu wa gari hili atakayeligusa."

Ejore akanyoosha mkono, akamshika. Mama yake akausukuma.

"Niliwaambia watu ni gari lako," akasema. "Wiki mbili. Mwite yule mwingine anipeleke nyumbani."

"Yupi?"

"Yule mliyekuwa mkipigiana kelele."

"Mama, huyo ndiye aliyechora kila kitu. Yeye ndiye—"

"Huyo hakujua."

Helen akamfasiria Kipngeno. Injinia akasimama bila kujua afanye nini na mikono yake, kisha akasogea. Nakaale akamtafuta hewani, akampata kifundo cha mkono, akakishika barabara. Wakateremka ngazi pamoja, wakapita katikati ya watu waliokuwa wameinama wakiokota simu zao mchangani na kuzipuliza. Kipngeno hakuijua njia, ikabidi mwanamke asiyeona amwelekeze. Ejore alibaki mlangoni, na mpaka walipofika ukingo wa mto aliendelea kuisikia sauti ya mama yake, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, ikimwambia yule mtu kushoto, kushoto tena, hapo iko jiwe.